Toa Diski, Usiangalie

Saa tatu na robo asubuhi.

Chumba cha nyuma ya duka la matairi. Nyundo, bosi wao, alichora ramani mezani kwa chaki.

"Ofisi ya ghala. Kompyuta ya kamera haiwaki tangu siku ile ya wizi nilipoipiga teke. Sura zetu zimo. Leo wamemwita mtu aifufue, ila gari lake halina upepo hata tairi moja." Akamgeukia Fundi. "Unaingia wewe badala yake. Toa diski, weka tupu, toka. Na usiangalie kitu."

Siku ile ndipo mdogo wake Fundi alipokufa ghalani, risasi ya mgongo. Nyundo aliapa mbele ya mama yao kwamba muuaji ni mlinzi. Msibani alilia kuliko wafiwa.

"Na mlinzi?" Fundi akauliza.

"Kesho anahukumiwa. Aoze huko!"

Dereva, msichana aliyekuwa mchumba wa marehemu, alichukua funguo.

Saa nne kasoro tano.

Karani wa ghala alimfungulia, macho mekundu. "Jitahidi, fundi. Mlinzi aliyeko mahabusu ni mume wangu. Anasema hakufyatua risasi, na picha zimo humo."

Mke wa muuaji! Fundi alitamani kumtemea mate. Alifungua boksi kwa bisibisi, akachomoa diski.

Kaambiwa asiangalie. Lakini kazi alifunzwa na baba yake: hutoi kifaa bila kukijaribu, usije ukabeba kibovu. Mkono uliunga waya kwenye kompyuta yake ndogo kabla kichwa hakijakataza. Mafaili yakafunguka, moja baada ya jingine. Mashine ilikuwa haiwaki, lakini kumbe diski ilikuwa nzima.

Mdogo wake amesimama mlangoni, begi chini, mikono juu, anajisalimisha. Mlinzi amelala kifudifudi, kafungwa kamba. Nyundo yuko nyuma, hatua mbili. Bastola ikafyatuka mkononi mwake, kijana akaanguka.

Miezi minane! Miezi minane Fundi anakula sahani moja na mshenzi huyu, anamwita kaka! Alichomoa waya, akamgeukia karani.

"Dada, chukua diski. Pita mlango wa nyuma, kimbia polisi."

"Na wewe je?"

"Mimi nasubiriwa."

Saa nne na robo.

Ndani ya gari Nyundo aliipokea diski, akaiponda kwa nyundo ikawa vipande. Akacheka. "Yamekwisha, mdogo wangu."

"Hiyo ni ile tupu. Nimeangalia."

Kicheko kilikatika. Bastola ikatoka.

"Umeangalia nini?" Dereva akauliza.

"Huyu ndiye aliyempiga mdogo wangu risasi. Mgongoni, mikono ikiwa juu."

Dereva alizima gari, akachomoa funguo, akazitupa dirishani.

"Malaya wewe!" Nyundo alifoka, akageuza bastola kwake. Fundi akamrukia. Risasi ikamwingia Fundi tumboni, ya pili ikatoboa paa. Hakuachia. Askari walipofika walimkuta Nyundo anakoroma, hai kwa shida, na wakalazimika kuibandua mikono ya Fundi shingoni mwake, kidole kimoja kimoja. Mikono ilikuwa imeshapoa.