Mgeni Kwenye Ukingo wa Miwani

Siku ya tatu ya kuvaa miwani yake mpya, Zakari alimwambia mkewe amletee kiti mgeni aliyesimama kando ya mlango. Sofia aligeuka, akatazama. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Zakari alicheka kidogo, akasema ni vioo tu. Alikuwa fundi wa saa wa mtaa wa Makomeno, mjini Lubumbashi, mjukuu wa watu waliotoka mji wa Kasongo. Tangu afikishe miaka hamsini, skurubu ndogo za saa zilikuwa zikimponyoka machoni. Rafiki yake Donat, fundi wa miwani, alimweleza kwamba anaweza kuwa na miwani mbili za kubadilishana, au vioo vyenye mstari katikati, au vile vinavyoitwa progresifu, ambavyo juu unaona mbali, katikati unamwona aliye mbele yako, chini unasoma, wala mstari hakuna. Zakari alichagua hivyo vya mwisho. Donat alimwonya kuwa pembeni kutakuwa na ukungu na ardhi itayumba wiki mbili hivi; ageuze kichwa kizima badala ya kuzungusha macho, na akishuka ngazi ainamishe kidevu. Asiivue. Macho yatazoea.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu. Watu wa asili ya jimbo la Kasai walikuwa wakifukuzwa mjini, hata waliozaliwa Lubumbashi kama Donat. Familia nzima zililala kwenye kituo cha treni, ambacho watu wa mjini hukiita gare, zikingoja kupelekwa huko Kasai ambako wengi wao hawakuwahi kufika. Siku alipomkabidhi Zakari miwani, Donat alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Aliongea chini chini.

"Papa Zakari, mama yangu iko mugonjwa ya kifua. Kule gare kuko baridi sana. Akae kwako, mpaka siku treni itafika."

Zakari alitazama barabarani, kundi la vijana lilikokuwa likipita na fimbo, likiwasaka watu wa Kasai. Akasema nyumba yake ni ndogo. Donat hakumsihi. Alivifuta vioo kwa kitambaa, akamvalisha kwa mikono yake mwenyewe, akamtakia heri.

Hayo Sofia hakuambiwa.

Mgeni alirudi. Mwanzoni alikuwa ng'ambo ya ua, pale kioo kinapoishia kwenye ukungu, na Zakari akigeuza kichwa alitoweka. Wiki ya pili alikuwa amefika umbali wa mkono: bibi kizee mwenye kitenge kilicholowa, ameinamisha uso. Zakari alijiambia kwamba bado anazoea. Lakini Sofia hakuvaa miwani yoyote, naye alianza kusikia harufu ya moshi wa makaa na blanketi bichi, mchana kweupe, ndani ya nyumba aliyoifagia mwenyewe. Kisha akasikia kikohozi kikavu nyuma ya mlango wa chumba cha binti yao Imani. Imani alikuwa ameolewa Lukafu, na chumba hicho hakikuwa na mtu tangu mwaka uliopita.

Adhuhuri moja Zakari aliinamia saa iliyofunguliwa mezani, akashusha macho hadi chini ya kioo, pale Donat alipomwambia kwamba ataona vitu vya karibu, na badala ya magurudumu ya saa akaona uso wa yule bibi, karibu kuliko mtu yeyote anavyoweza kumkaribia mwenzake, macho yamefunguka, midomo imekauka, na pumzi yake ikatua juu ya kioo, upande wa ndani, upande wa jicho lake yeye Zakari, hadi kikafunikwa na mvuke.

Alimwita Sofia, akamwambia yote.

Sofia aliutazama mlango wa chumba cha binti yao. "Na chumba ya Imani iko wazi," alisema.

"Niliogopa."

"Hata miye ningeogopa. Lakini tungeogopa pamoja naye humu ndani."

Alipika bukari, ugali wa kwao, akachukua blanketi, akaenda gare. Floribert, mfanyakazi wa reli, alimwambia kuwa treni imekwisha kumchukua Donat. Mama yake alikuwa amekufa kabla, akazikwa hapa hapa; akamtajia na siku. Sofia alihesabu siku kwa vidole: alikufa asubuhi ile ile Zakari alipoomba kiti. Chakula akawaachia watoto wa watu wengine waliokuwa bado wanangoja.

Wakamwita Maalim Feruzi, mwalimu wa Kurani wa mtaani. Aliwaambia kwamba maiti harudi, ila jini hukaa mahali watu wanapolia sana, na huweza kuvaa sura ya mtu aliyekosa pa kwenda. Alisoma mpaka sauti ikamkauka, akanyunyiza maji pembe zote za nyumba, akamwamuru Zakari avue miwani. Kikohozi kilikatika. Harufu ikaisha. Maalim akamshukuru Mungu.

Sofia alimsogelea mumewe. "Bado iko?" alinong'ona.

Bila miwani, Zakari hakuona vizuri kitu chochote. Maalim alikuwa doa jeupe. Uso wa mkewe, alioujua miaka ishirini na minane, ulikuwa moshi mtupu. Lakini nyuma ya Sofia, katika mlango wa chumba cha Imani, bibi yule alionekana wazi, kila kunyanzi na kila uzi wa kitenge, bila ukungu wowote.

"Hapana," Zakari alisema. "Amekwenda."

Sofia akaanza kulia kwa faraja. Bibi aliketi polepole, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu.