Unga wa Mwamba

Soko la Majengo lilikuwa limefurika Jumamosi hiyo, watu bega kwa bega, na Evodia alikuwa ndani ya gauni la kitenge cha bluu, la kwanza kushonesha tangu aajiriwe kuwa mhadhiri chuo kikuu. Aligeuka kwa haraka kutoka kwenye meza ya karanga, puu! Akajigonga kwenye kifua cha mwanaume mmoja mrefu. Aliporudi nyuma, gauni lilikuwa jeupe kutoka begani mpaka kiunoni.

"Kaka, si ungejikung'uta kwanza ukitoka mashineni? Umenipaka sembe yote!"

"Samahani, dada. Ila sembe hii ukiisongea ugali, meno yako yatabaki sahanini."

"Kwa nini?"

"Ni unga wa mwamba. Mimi nachimba visima."

Yeye, mwalimu wa miamba, aliyeisoma miaka yote ile, leo mwamba umemrukia mwilini asiutambue! Akacheka mpaka akajishika mbavu. Mwanaume naye, Sila Chilongani wa Mkonze, akacheka. Namba za simu zikabadilishwa palepale, juu ya mafungu ya karanga.

Tangu siku hiyo simu hazikutulia.

"Umekula, mwalimu?"

"Nimekula. Umefika mita ngapi?"

"Sitini. Jiwe gumu kama moyo wako."

"Acha uongo wewe. Moyo wangu uliutoboa mita ya kwanza."

Kila Jumamosi Evodia alikwenda Chamwino, mtambo wa Sila ulikokuwa. Mtambo ulinguruma, ardhi ikatetemeka chini ya viatu vyake, na Sila akawa anamwaga chini unga wa kila mita, fungu kwa fungu, kwa mstari, kama muuza nyanya.

"Tazama, mama. Kijivu, kijivu, kijivu. Halafu hili hapa la kahawia. Hiyo kutu. Jiwe lenye kutu limepitiwa na maji, hapo pana ufa. Lishike, usiliogope."

Evodia alikuwa ameyasoma hayo vitabuni. Kuyashika mkononi ilikuwa mara ya kwanza.

Chuoni hali ilikuwa mbaya. Wanafunzi mia mbili. Yeye anasoma slaidi, wao wanasoma simu zao. Jumatatu moja akaingia na mifuko kumi na miwili ya unga wa mwamba kutoka Chamwino, akamwaga mafungu sakafuni kwa mstari, akawaita waje. Vijana wakapiga magoti, wakashika, wakanusa, wakabishana. Octavian, bingwa wa kusinzia viti vya nyuma, ndiye aliyepiga kelele: "Hapa! Maji yako hapa!" Evodia akahisi kifua kimepanuka. Kumbe kufundisha ndiko huku.

"Mwalimu, njia hii iko kitabu gani?" Octavian akauliza, simu juu, anarekodi.

Mlangoni alikaa Dokta Cornel, mkuu wa idara, aliyekuja kumpima kama anafaa kuthibitishwa kazini. Evodia akamtupia jicho. Aseme amefundishwa na mchimba visima aliyeishia darasa la saba?

"Ni njia yangu mwenyewe," akasema.

Video ikazunguka mji mzima. Jioni Sila akapiga.

"Hongera, mwalimu."

"Baba, mbona sauti hiyo?"

"Wazungu wa vitabuni umewataja wanne kwenye hiyo video, tena wengine walishakufa. Mimi niliye hai nimekosa nafasi?"

"Sila, mpenzi, niliogopa..."

"Umenionea aibu. Sema tu."

Simu ikakatika. Siku tisa nzima Evodia alipiga, haikupokelewa.

Siku ya kumi alikuwa anasahihisha insha. Kwenye ya Octavian akaandika kwa wino mwekundu: "Haya umeyatoa wapi? Mtaje aliyekufundisha." Kalamu ikagoma. Akalisoma tena lile aliloliandika, uso ukamuwaka moto, peke yake chumbani.

Jumatatu, kabla hata ya salamu, aliandika ubaoni: SILA CHILONGANI. Dokta Cornel alikuwepo. Evodia mwenyewe ndiye aliyemwita.

"Niliwadanganya," akawaambia. "Njia ile si yangu. Ni ya huyu."

"Yuko chuo gani?" akauliza Dokta Cornel.

"Hayuko chuo, Dokta. Yuko Chamwino kwenye mtambo, na shule aliishia la saba. Kama hilo litaninyima kazi, sawa. Lakini najivunia kwamba amenifundisha."

Dokta Cornel akavua miwani, akaifuta taratibu. "Karatasi yako ya kuthibitishwa nitaisaini leo. Huyo mtu tuletee."

Evodia akaenda Chamwino vidole vikiwa bado na chaki. Sila alimwona kwa mbali, akazima mtambo.

"Usijieleze, nimeshaona. Huyo kijana wako karekodi tena."

"Nisamehe, baba."

"Ningekuwa sijasamehe, mtambo ungekuwa unanguruma."

"Basi uje uwafundishe."

"Kwa sharti moja. Siku hiyo wewe ukae na wanafunzi."

Siku ya somo Sila akaja chuoni na shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi hadi kwenye kola, suruali nyeusi, viatu vinavyong'aa. Evodia akakaa benchi la mbele na daftari. Kwa saa mbili hakuna aliyegusa simu. Sila aligonga meza kuwaonyesha jiwe zima linavyolia na lenye ufa linavyolia, na Dokta Cornel akawa anaandika kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Evodia hakuandika kitu. Alikuwa anamtazama tu yule mwanaume, akitamani kuugeukia ukumbi wote na kusema: mnamwona? Ni wangu!

"Kuna swali?" Sila akauliza.

Octavian hakukosa. "Mwalimu Sila, mwalimu wetu ni nani wako?"

Ukumbi ukaguna. Sila akajipangusa mikono, ingawa leo haikuwa na vumbi.

"Nataka awe mke wangu. Neno hilo nimetembea nalo tangu Mkonze, sikujua nilitolee wapi. Sasa nimeshalisema, na yeye bado hajajibu."

Macho yote yakageukia benchi la mbele. Evodia akanyoosha mkono juu, kidole kimesimama, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Haya, wewe wa mbele," Sila akasema.

Evodia akasimama.

"Jibu ni ndiyo, mwalimu."