Vidole Vinne vya Kamba ya Kushoto

Nina miaka thelathini na mmoja, mke wa mtu, mama wa mtoto mmoja, na naishi Kwa Mrombo hapa Arusha. Kazi yangu ni kushona mahema ya kambi za watalii. Tangu nianze kazi hiyo hakuna hema langu hata moja lililorudishwa kwa kukaa upande. Sijisifu, jamani... nawaambia mapema ili mjue kwamba nilichokifanya sikukifanya kwa kutojua kupima.

Mume wangu hapa nitamwita Anaeli. Ni Mmeru wa Kikwe, na kwa miaka tisa alikuwa mpagazi, anabeba mizigo ya wageni wanaopanda Mlima Meru na Kilimanjaro. Magoti yalikuwa yameanza kumchoka. Akirudi kutoka mlimani alikuwa hawezi kukaa kwenye kiti bila kushika ukuta kwanza, na mtu mwenyewe ana miaka thelathini na nne tu! Nilikuwa namkanda kwa maji ya moto na chumvi huku namsema, maana mimi huruma yangu hutoka na maneno.

Wageni wakimaliza safari huwa wanawaachia wapagazi vitu vyao. Huyu anapata viatu, yule jaketi, mwingine tochi. Mwaka jana Anaeli wangu aliachiwa tiara! Si hizi za karatasi na vijiti wanazorusha watoto. Ilikuwa ya kitambaa kizuri, pana kuliko kitanda chetu, yenye kamba mbili ndefu na mishikio miwili, mmoja wa mkono wa kushoto na mmoja wa kulia. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia wenzako wameletewa viatu, wewe umeletewa mdoli.

Kumbe aliyempa alikuwa na mpango. Yule mgeni alikuwa na shule Unguja ya kufundisha watu kuvutwa na tiara juu ya maji wamesimama kwenye ubao, na alisema anayeizoea kwanza nchi kavu kwa kamba mbili huwa hapati shida baadaye. Alimfundisha Anaeli jioni mbili, akamwambia afanye mazoezi. Akasema atarudi baada ya miezi mitatu kumwona, na akimkuta ameiva atamchukua awe mwalimu wa wale wanaoanza. Hakuna kubeba mizigo tena, hakuna kulala kwenye baridi. Nafasi ilikuwa moja tu.

Basi tukaanza. Kila Jumapili baada ya ibada tulikwenda Kikwe kwa mama mkwe, na mahindi yalikuwa yameshavunwa, shamba jeupe, upepo wa msimu ule unabeba vumbi. Siku za katikati ya wiki, akiwa hayuko mlimani, Anaeli alikwenda peke yake. Mama mkwe alikuwa anatoka nje na ungo wake wa maharage kutuangalia, anatikisa kichwa, anauliza kama mwanawe amerudi utotoni.

Na mimi nilijaribu. Siwezi kudanganya, ilikuwa raha! Ukivuta mkono wa kushoto inageukia kushoto, ukivuta wa kulia inageukia kulia, na upepo ukikaza inakuvuta wewe mwenyewe mpaka visigino vinachimba udongo. Ilinivuta hatua sita nikaanguka na kitenge changu, binti yetu Upendo akacheka mpaka akapata kwikwi. Siku ile tulikuwa watu wa furaha. Naikumbuka kila siku.

Sasa, tiara ya namna ile ina sharti moja kubwa. Kamba zote mbili lazima ziwe sawasawa. Moja ikiwa fupi, inavuta upande wake, na mrushaji anahangaika kuinyoosha. Wiki ya pili kamba zilikatika kwenye seng'enge ya jirani, nikazishona upya na kuzifanyia vitanzi. Kuanzia hapo Anaeli aliniachia mimi kazi ya kuzipima. Alipigilia msumari ukutani, mimi navalisha vitanzi vyote viwili, natembea na kamba mpaka mwisho wa uwanja, nalinganisha.

"Wewe ndiye mwenye jicho la fundi," aliniambia. "Ukisema ziko sawa, mimi sizigusi tena."

Hayo maneno... ningejua yatakuja kuniuma hivi!

Niwaambie kilichonipata. Nilipokuwa na miaka saba, baba yangu alikwenda Mererani kwenye machimbo, akasema ni wiki mbili. Nilimwona tena siku anazikwa. Mama alitulea kwa kuuza nyanya sokoni, na kila gari lililotoka upande ule alikuwa analiangalia. Mimi nilijiapia kwamba mwanaume wangu hataniacha nikiangalia magari.

Kila nilipomuuliza Anaeli, "Ukichaguliwa, na sisi je?" alinijibu, "Tutaona." Tutaona! Neno gani hilo la kumwambia mke? Nilianza kukosa usingizi. Nilimwona huko pwani, hana mzigo mgongoni, anacheka na wageni, mimi huku na mtoto. Kwa nini sikumwambia waziwazi kwamba naogopa? Nilikuwa na mdomo wa kusema kila kitu isipokuwa hilo.

Jumapili moja nilipomaliza kupima nilifungua kitanzi cha kamba ya kushoto, nikaifupisha kwa upana wa vidole viwili. Nikaishona vizuri, ushonaji wangu ule ule. Nikamwambia ziko sawa.

Siku ile tiara ilimkataa. Ilikuwa inakwenda kushoto tu, inajipigiza chini, anainua tena, inajipigiza. Alirudi nyumbani na tiara kwapani. Alisema labda mkono wake wa kulia ni dhaifu. Nilimwekea chakula, nikamwambia pole. Niliona nimeshinda... nilidhani atakata tamaa, atafute kazi nyingine hapa hapa mjini, yaishe.

Hamumjui Anaeli. Alianza kuamka alfajiri na kunyanyua ndoo ya maji kwa mkono wa kulia peke yake, ili uimarike. Baada ya wiki mbili alikuwa ameshajua kuivuta kulia muda wote, tiara inasimama wima juu kama imepigiliwa. Mama mkwe mwenyewe alipiga makofi. Na mimi nikafanya nini? Nikaongeza vidole viwili vingine. Vikawa vinne.

Alihangaika upya na alizoea upya. Miezi karibu mitatu yule mtu alifanya mazoezi na uongo wangu, na mikono yake ikaushika kama somo.

Siku moja kabla ya mgeni kuja, Jumamosi mchana, Anaeli alikuja karakanani kwetu na simu mkononi. Alikuwa anatabasamu kama mwenye siri iliyomzidi. Alinionyesha ujumbe wa yule mgeni. Kulikuwa na chumba cha familia. Na kulikuwa na kazi ya fundi wa kushona tiara zinazochanika, kwa sababu Anaeli alikuwa amempelekea picha ya mshono wangu, na mgeni aliusifu.

"Sikutaka kukuambia mapema," alisema. "Niliogopa nikupe matumaini halafu nishindwe. Lakini mimi bila nyie siendi."

Ndugu wasomaji, niliacha hema pale pale chini ya sindano! Kumbe ile "tutaona" yake ilikuwa na mimi ndani, na Upendo ndani, na cherehani yangu ndani. Nililia, akadhani nalia kwa furaha. Akanifuta machozi kwa ule mkono wake wa kulia.

Ningemwambia pale pale, leo nisingekuwa nawaandikia. Angekasirika, angenisema, tungerudisha kamba pamoja na angejizoeza jioni nzima. Lakini niliona aibu. Nikajiambia nitarekebisha kimyakimya, hatajua, na Mungu atanisamehe. Jioni ile alipokwenda kunyoa nilifungua kitanzi, nikairudisha kamba ya kushoto kama ilivyokuwa. Nilipima mara tatu. Zilikuwa sawasawa kabisa.

Mgeni alichagua uwanja mpana kule Nduruma. Tulipofika upepo ulikuwa mkali kuliko siku zote. Anaeli alivaa shati lake jeupe la kanisani. Aliponiuliza kama nimepima kamba, nikamjibu nimepima, ziko sawa. Ilikuwa mara ya kwanza kusema kweli kwa muda mrefu, na nilifurahi moyoni kama mjinga.

Tiara ilipanda. Anaeli akavuta kulia, kama mikono yake ilivyozoea, ili kupambana na kamba fupi. Kamba fupi haikuwepo! Tiara ikageuka kulia kwa kasi, ikashuka ikijaa upepo. Alipoona inakwenda kusikotakiwa, mikono ikachanganyikiwa, akakaza zaidi. Mgeni alimpigia kelele aachie mishikio. Hakuachia. Angeachiaje, na nafasi ni moja? Ilimnyanyua, ikamburuta juu ya mabonge ya udongo, ikamtupa kwenye ukingo wa saruji wa mfereji wa maji, kwa bega la kulia. Ule mlio nimeusikia kwa masikio yangu.

Bega lilitoka na mfupa ukavunjika. Hospitali walimfunga, wakasema huo mkono hautabeba mzigo tena. Mgeni alikuja kumwona, alisikitika kweli, lakini shule ilikuwa inaanza na akachukua mtu mwingine. Kazi ya mlimani ikaisha, maana nani anamtaka mpagazi wa mkono mmoja? Alilala akiangalia ukuta. Akiulizwa na watu alijibu kwamba mkono wake ulimwaibisha, kwamba alifanya mazoezi yote na siku yenyewe ukamgeuka. Upendo alipotaka kumshika mkono ule, alimwambia ashike mwingine.

Na mimi? Nilinyamaza. Nilipika, nikamwogesha, nikanyamaza. Wiki saba!

Kilichonifungua mdomo ni maombi. Mama mkwe aliona si bure, akawaita wazee wa kanisa waje kuuombea mkono. Walikuja wanne, wakauwekea mikono, wakamwomba Mungu auondolee mkono huo kila kilichoufanya umsaliti mwenyewe. Mume wangu alikuwa amefumba macho, machozi yanamtiririka. Na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, nikaitikia amina. Niliposikia sauti yangu ikisema amina nilitaka ardhi inimeze.

Wazee walipomaliza chai na kuondoka, nilikaa chini, miguuni pake.

"Baba Upendo, mkono wako hauna kosa. Kamba ya kushoto niliifupisha mimi."

Aliweka kikombe chini. "Kiasi gani?"

"Vidole vinne."

"Na siku ile Nduruma?"

"Niliirudisha ikawa sawa. Sikukuambia."

Nilimwona akipiga hesabu kichwani, mikono yake ikicheza kidogo juu ya magoti, wa kulia ukivuta nyuma. Alielewa yote. Nilisubiri anipige, anifukuze, aniite mchawi. Hakunyanyua hata sauti.

"Ungeniambia tu nibaki," alisema. "Ningebaki."

Wasomaji wenzangu, hajaniacha. Wengi mtasema nina bahati, na kweli ninayo. Sasa anamsaidia mama yake shamba kule Kikwe kwa mkono mmoja na nusu, na jioni anarudi nyumbani. Hanisemi, hajamwambia hata mama yake. Mama mkwe mpaka leo ananiombea baraka kwa kumuuguza mwanawe vizuri, na kila nikimwamkia shikamoo natamani angejua anamwitikia nani.

Nawasihi, hasa nyie wanawake wenzangu mlioumizwa utotoni kama mimi: ukiogopa kuachwa, sema unaogopa. Sema hata ukichekwa. Na kama umeshakosea, usirekebishe kwa siri ukadhani umetubu. Mwenzako alikuwa anaishi ndani ya kosa lako, amelizoea, na ukiliondoa bila kumwambia ndipo anapoanguka. Mimi nililijua hilo nikiwa nimechelewa.

Jumapili iliyopita nilimpigia pasi lile shati jeupe, nilikuwa nimelishona palipochanika begani. Alilipokea, akashukuru. Halafu kabla ya kulivaa akaliweka kitandani, akanyoosha mkono wa kushoto wa shati, akalaza wa kulia juu yake, akatazama ncha zake kama ziko sawa.

Zilikuwa sawa. Akalivaa, tukaenda kanisani.