Imepinda au Imepindwa?

Nyumbani na shuleni walimbandika binti mmoja jina la Askari kwa sababu hakumwamini mtu. Kalamu yake ikipotea, hata mama yake alikuwa mshukiwa. Sasa alikuwa akiotesha maharage ndani ya chupa yenye pamba iliyoloweshwa, kazi ya sayansi. Mwalimu alitaka miche iliyonyooka.

Binamu yake, mtoto wa shangazi yake, ambaye walilala chumba kimoja, aliiacha chupa yake dirishani. Askari aliifungia yake kabatini kabla ya kwenda kumtembelea bibi. Rafu ilikuwa fupi, akailaza chupa kiubavu. Ufunguo akauvaa shingoni.

Aliporudi baada ya siku mbili, alifungua kabati. Miche yote ilikuwa imekunjika kama ndoano.

“Umefungua kabati langu,” alimwambia binamu.

“Kwa ufunguo gani? Si unao shingoni?”

“Wewe hukosi ujanja.”

“Basi usinisemeshe tena.” Binamu akabeba mkoba, akatangulia shuleni peke yake. Hawakuwahi kwenda shule kila mtu kivyake. Askari aliumia, lakini alijikaza.

Darasani aliandika: Miche imepindwa.

“Imepindwa na nani?” mwalimu aliuliza.

Askari akamtupia binamu jicho. Wanafunzi wote wakageuka kumtazama, naye akainamisha kichwa.

“Chupa ilikaaje kabatini?”

“Niliilaza, mwalimu.”

Mwalimu aliomba chupa nyingine. Binamu, machozi yakimlengalenga, akatoa yake yenye miche iliyonyooka. Mwalimu akailaza ndani ya sanduku, akalifunga, akatia ufunguo mfukoni.

Siku mbili baadaye alilifungua mbele ya wote. Miche ilikuwa imekunjika vilevile.

“Mmea huhisi mvutano wa dunia hata gizani,” alisema. “Ukiulaza, shina hugeukia juu na mzizi hugeukia chini. Hakuna mkono wa mtu hapo. Askari, futa hiyo herufi w. Miche imepinda, haikupindwa.”

Askari akafuta, masikio yakimchoma kwa aibu. Akamgeukia binamu, akanong'ona, “Nisamehe.”

“Ulinituhumu mbele ya watu,” binamu alijibu. “Niombe radhi mbele yao.”

Askari akasimama. “Nilimsingizia binamu yangu,” alisema. “Hakugusa chochote. Nisamehe, dada.”

Binamu akasogea kumpa nafasi kwenye benchi.

“Kitu kikiharibika,” mwalimu aliwaambia, “ulizeni kwanza kimeharibikaje. Mkianza na nani kafanya, mtamuumiza mtu, na jibu hamtalipata.”