Tepu Nyeusi Juu ya Taa ya Injini

Kila asubuhi, kabla mikate ya mwanzo haijapoa, Chiriku alikuwa na kazi yake. Alikaa kwenye kiti cha dereva cha gari la baba yake, akashika ufunguo na kusubiri amri. Baba yake alikuwa mbele, kichwa kimezama ndani ya boneti, masikio yote yako kwenye injini.

"Washa!"

Chiriku alizungusha ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka zote, kisha injini iliponguruma zikaanza kuzimika, naye akazitangaza kwa sauti kama mtangazaji wa mpira.

"Betri imezimika! Oili imezimika! Injini imezimika!"

"Safi kabisa. Shuka uwahi shule."

Kazi hiyo alipewa kwa sababu macho ya baba yake yalikuwa na ubishi wao. Mbali aliona vizuri, hata mbuzi aliyekuwa akifikiria kuvuka barabara alimwona mapema. Vitu vya karibu ndivyo vilivyomchezea shere. Miwani alikuwa nayo, lakini ilishinda mfukoni ikila raha. "Macho yangu ya karibu ni huyu hapa," aliwaambia waokaji, akimshika binti yake begani. Na Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alivimba kichwa mpaka saa ya hesabu.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la kusambaza mikate madukani. Usiku lililala katika ua wa kiwanda cha mikate, ng'ambo ya nyumba yao, likilindwa na mzee mmoja aliyeitwa Babu Kofia. Kofia yake ya sufi hakuivua kwa jua wala kwa mvua, na watoto walibishana kama chini yake kulikuwa na nywele au hakukuwa na kitu.

Wiki hiyo nyumba nzima ilikuwa ikiingoja Ijumaa. Siku hiyo Bibi alitakiwa hospitali ya mji wa pili, akatolewe mtoto wa jicho. Safari iliyotangulia ilivunjika kwa sababu gari lililala gereji, na Bibi akarudishwa mwisho wa foleni, akangoja karibu mwaka. Sasa alimtambua mjukuu wake kwa sauti tu. "Siku nikipona," alisema, "kitu cha kwanza nataka kuuona huo mdomo unaonipigia kelele."

Basi Jumatatu asubuhi Chiriku akawasha injini kama kawaida. Betri ikazimika. Oili ikazimika. Lakini taa moja ya njano, yenye kijipicha cha injini, ilibaki palepale ikimkodolea macho.

"Injini?" Baba aliuliza kutoka kwenye boneti.

Akilini Chiriku alimwona Bibi amekaa kitandani na nguo zake za safari, akiambiwa tena kwamba gari ni bovu. Moyo ulimuuma.

"Imezimika!" alijibu.

Kisha akachukua tepu nyeusi kwenye kisanduku cha vifaa, akaikata kipande kwa meno na kukibandika juu ya ile taa. Gari si linanguruma vizuri? Ijumaa ikipita ataibandua, na hakuna atakayejua. Hivyo ndivyo alivyojidanganya.

Siku hiyo chiriku wetu hakulia sana. Bibi alimuuliza kama anaumwa jino.

Alhamisi asubuhi, walipofika uani, Baba alichungulia mshale wa petroli, mkubwa kiasi cha kumtosha hata bila miwani. Ulikuwa umelala chini kabisa. Alizunguka gari, akainama nyuma na kunusa. Harufu ya petroli ilikuwa kali.

"Petroli yangu ya wiki nzima imekwisha na wiki haijaisha," alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Njia ni zilezile na mikate ni ileile. Kuna mtu ananinyonyea."

Mwenye kiwanda alitoka kuangalia kulikoni. Akatazama gari, akatazama mpira wa kumwagilia maua uliokunjwa kando ya kibanda cha mlinzi, kisha akamtazama mlinzi mwenyewe.

"Mzee, usiku huku ndani mnakuwa wewe na gari tu," alisema. "Hebu tueleze."

"Mpira ni wa maua, bosi. Hata waokaji wanajua."

"Maua hayanywi petroli. Kama huna maelezo mengine, leo utanikabidhi funguo za geti."

Babu Kofia alinyanyua mkono polepole, akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa na mvi fupi, safi, kama cha babu yeyote yule. "Nimelinda ua huu tangu ukuta haujajengwa," alisema. "Sijachukua hata ganda la mkate."

Chiriku hakuweza kumtazama. Akisema, Bibi atakosa safari. Asiposema, mzee huyu atatoka na funguo zimebaki na jina limepakwa matope. Alijikaza.

"Baba, si yeye. Taa ya injini inawaka. Inawaka tangu Jumatatu."

Aliingia garini, akawasha, akaibandua tepu. Baba alitoa miwani mfukoni, akaivaa na kuinama. Taa ya njano ilikuwa imetulia mahali pake.

"Ulinitangazia kwamba imezimika," alisema taratibu.

"Niliogopa Bibi atarudishwa tena mwisho wa foleni." Hapo machozi yakamshinda.

Baba hakumfokea. Alimgeukia mlinzi kwanza. "Mzee wangu, nimekukosea mbele za watu. Naomba radhi mbele za watu hawahawa." Mwenye kiwanda naye aliomba radhi, akitazama viatu vyake. Chiriku akapiga goti. Babu Kofia alimwinua, akavaa kofia yake.

"Umenitoa kwenye shimo ulilochimba wewe mwenyewe, mjukuu wangu," alisema. "Lakini umenitoa. Nenda shule."

Jioni hiyo gari lilikuwa gereji kwa mama mdogo, mdogo wake mama yake Chiriku, fundi asiyependa maneno mengi wala spana chafu. Alichomeka mashine ndogo chini ya usukani, akasoma kioo chake.

"Inataja sensa ya oksijeni."

"Basi ibadilishe, shemeji, safari ni kesho," Baba alisema.

"Taratibu, shemeji. Mashine inanionyesha pa kuanzia kutafuta, haihukumu. Nasikia leo umeshahukumu mmoja, inatosha."

Baba alicheka kidogo, kwa aibu. Mama mdogo aliingia chini ya gari. Alifuata waya wa sensa mpaka mwisho, akiangalia kama umeungua. Ulikuwa mzima. Akachunguza bomba la moshi kama linavuja. Halikuvuja. Kisha akawasha injini na kumwita Chiriku aangalie namba kwenye mashine.

"Zinafanyaje?"

"Hazifanyi kitu. Zimesimama."

"Zilitakiwa kupanda na kushuka muda wote. Haya, tumempata."

Bomba lilipopoa, aliifungua ile sensa, kitu kidogo kama plagi, ncha yake nyeusi tititi. "Hii ndiyo pua ya gari," alisema. "Inanusa moshi, halafu inaiambia kompyuta kama petroli imezidi au imepungua. Hii imekufa ikisema imepungua, imepungua. Kompyuta haina macho, inaamini inachoambiwa. Ikawa inamimina tu."

Chiriku aliitazama ile ncha. "Kama Baba alivyoniamini mimi," alisema kwa sauti ndogo.

"Kama baba yako. Ungesema Jumatatu, ningemaliza kabla chai yangu haijapoa. Kesho petroli ingewaishia katikati ya mlima wa kwenda hospitali, na Bibi ndani."

Akafunga sensa mpya, akafuta ile hitilafu kwenye kompyuta, akazungusha gari mtaani. Taa haikurudi.

Ijumaa alfajiri Chiriku alisoma taa zote kwa uangalifu. Baba alitoka kwenye boneti, akavaa miwani, akaja kuangalia mwenyewe. Chiriku aliona uchungu, lakini alijua ni haki yake.

Safari ilifika salama, na bandeji ya jicho ilipofunguliwa kesho yake, Bibi alimvuta mjukuu wake karibu, akamkagua. "Kumbe mdomo wenyewe mdogo hivi!" Kila mtu alicheka, Chiriku akaficha uso. Kisha Bibi akamshika mkono, maana habari zote alikuwa ameshazipata.

"Mwanangu, kungoja nimezoea. Ningengoja tena. Lakini mzee wa watu angefukuzwa kazi kwa ajili ya jicho langu, ningelifungua nione nini? Anayekupenda mwambie ukweli hata kama utamchelewesha. Uongo nao unachelewesha, tena unaumiza na wasiohusika."

Baba aliendelea kuja na miwani yake kila asubuhi. Chiriku hakulalamika. Alisoma taa zake tu, na Babu Kofia alimpungia mkono getini.

Kisha ikaja asubuhi ya michezo ya shule. Baba alikuwa ameahidi kumpeleka yeye na wenzake kwa gari, nao walikuwa wameshapanga mstari na sare zao. Chiriku akawasha. Oili ikazimika. Injini ikazimika. Taa ya betri ikabaki.

"Oili imezimika! Injini imezimika!" alitangaza. Akawatazama wenzake, akavuta pumzi. "Ya betri bado inawaka, Baba!"

Alingoja kuona miwani ikija dirishani. Haikuja. Kutoka ndani ya boneti ilisikika spana, halafu sauti ya baba yake.

"Asante, macho yangu. Waambie wenzako leo tunatembea kwa miguu."