Sweta la Aliyeko Chini

Guna tu, mwanangu. Guna mpaka koo likauke. Watu wa siku hizi mkiambiwa jambo ambalo halimo kwenye simu, mnaona mmetukanwa. Hata mimi ningeguna, siku ile niliposimama hapo hapo uliposimama, na birika mkononi kama hilo lako. Basi litue jikoni, vuta kiti ukae. Maji hayatachemka sasa hivi, jiko la kuni halina haraka na mtu. Nitakueleza mara moja, sirudii.

Na hicho kikapu kilicho pembeni yako, usikiguse.

Nilikuja nyumba hii kupumzika siku tatu, kama wewe. Miaka thelathini na minane nilikuwa nafuma masweta ya wanafunzi, shule nne, rangi nne. Kidole changu hiki kina sugu kama kisigino. Siku moja nikafungua mfuko wa uzi kutoka dukani, nikakuta kadi katikati ya mabonge. Umechaguliwa, inasema. Siku tatu za mapumziko milimani, miti ikiwa inachanua, kitanda na chakula bure. Na picha: nyumba ya mawe, bustani ya mapichi, maua yamejaa kama povu la sabuni. Yako uliikuta wapi?

Ndani ya uzi. Enhe. Mbona huguni tena?

Nilikuwa nakataa kuja. Mzee wangu haoni, sukari ilimla macho yote mawili. Mimi ndiye wa kumwambia shati umeligeuza, chai iko kulia, jirani leo amenuna. Akanifukuza mwenyewe. "Nenda kapumzike," akasema, "na masikio yangu yapumzike." Jirani akakubali kumwangalia siku tatu. Nikaloweka maharage, nikamwahidi mzee kwamba Jumapili jioni nitakuwa nimerudi. Akaniambia nisichelewe, maana jirani anapika kama anayemkomoa mtu.

Jumapili. Likumbuke neno hilo.

Siku ya kwanza niliipenda, siwezi kusema uongo. Gari lililonileta likageuza likashuka, pakabaki nyuki na upepo. Nikakaa kwenye benchi pale bustanini, mikono mapajani. Mikono ndiyo ilinisumbua. Mikono iliyozoea kazi ukiipa mapumziko inawasha kama ina upele. Yako pia inakuwasha, nakuona. Tangu umekaa unakunja na kukunjua ncha ya kanga.

Nyumbani humu mlikuwa na mwanamke mmoja tu. Jina hakusema, nikamwita Kimya. Nywele nyeupe pe, lakini shingo ya msichana. Alikaa kwenye kiti hiki hiki nilichokalia, anafuma sweta la kijivu. Chakula analeta, anarudi kukaa, anafuma. Nikamuuliza anamfumia nani. Akatazama ule mlango mdogo pale ukutani, wa kushukia stoo ya chini.

Jioni ukungu ukashuka mlimani. Nikachukua birika kuja kuomba maji ya kuoga. Kimya hayupo kitini, namsikia jikoni anasogeza kuni. Kikapu kiko wazi. Jicho langu likaanguka ndani.

Kitanzi kimoja kilikuwa kimedondoka kwenye sindano. Kimeshuka safu saba, kimeacha ngazi kama soksi iliyochanika.

Mtu asiyefuma angeona sweta tu. Sisi tunaona kidonda. Nikajiambia, nakiokota hiki kimoja, basi. Nikakiokota, nikakipandisha safu moja moja mpaka juu, nikakirudisha kwenye sindano. Na kwa kuwa mikono ilishafika, nikamalizia safu.

Kwanza ilikuja harufu. Sufu mbichi... kama kondoo aliyenyeshewa akafungiwa chumbani.

Halafu sweta likavutwa.

Nilidhani mkono wa sweta umekunjwa ndani ya kikapu. Haukukunjwa. Ulitokea upande wa pili, ukapita sakafuni nyuma ya kiti, ukaingia chini ya ule mlango mdogo. Na huko ulikoingia, mtu alikuwa ameuvaa.

Nikageuka. Kimya amesimama mlango wa jikoni, viatu mkononi.

"Umemaliza safu?" akanong'ona.

Nikamwambia nimemaliza, na yeye ajifunze kushika vitanzi vyake.

"Nisamehe, mama. Nilimwacha mtoto ananyonya."

Akavaa viatu. Akatoka, akafunga mlango. Dirishani niliuona ukungu ukimpisha kama pazia, na nyuma yake ukajifunga.

Kesho yake nikabeba begi langu. Nikatoka kwa mlango wa mbele, nikashika njia ya mteremko, nikaenda, nikaenda. Ukungu. Nikasikia harufu ya moshi, nikasema hapo pana watu. Nikapanda kizingiti.

Jikoni mwa nyumba hii hii. Nimeingia kwa mlango wa nyuma.

Nikarudia mara tatu. Mara ya nne nikaushika ukuta wa bustani kwa kiganja, nisiuachie hata kidogo. Ukuta wenyewe ukanileta jikoni.

Jumapili ilinikuta nimekaa hapa, begi magotini. Giza likaingia. Nikasema sawa, kama siondoki, sifumi pia. Tuone nani mkaidi.

Jioni hiyo, huko chini, ngazi moja ililia.

Moja tu. Kesho yake ikalia ya pili. Ngazi za stoo ni kumi na moja, nimezihesabu kwa masikio. Ilipolia ya tisa nilikuwa nasikia pumzi, na hapo chini ya mlango ule, ubao wa sakafu ukaanza kulowa. Nikasikia sauti. Kama ya mtu aliyejaza sufu mdomoni.

"Baridi..."

Nikashika sindano. Nikafuma mpaka vidole vikatoka damu, na kila safu niliyomaliza, ngazi moja ililia kushuka. Tangu siku hiyo kila jioni ananipima. Anavuta mara tatu, taratibu, kama mteja anayejaribu nguo.

"Bado," anasema.

Usiniulize ni nani. Sijashuka, na wewe usishuke. Ninalojua ni hili: siku moja niliuvuta ule mkono wa sweta kuja kwangu, kidogo tu, nione kazi ya walionitangulia. Ulikuwa umechakaa kwenye kiwiko. Mbele kidogo umechakaa kwenye kiwiko kingine. Halafu cha tatu.

Mkono ni mmoja.

Nikaurudisha.

Umekaa muda gani, unataka kuuliza. Chungulia nje. Unaona maua ya mapichi? Ni yale yale. Yanapukutika mchana, asubuhi yako juu ya matawi. Sijaona hata moja likashika tunda. Kadi ilisema ukweli, humu ni wakati wa kuchanua tu. Ninachoweza kuhesabu ni nywele zangu. Nilikuja nazo nyeusi. Za kupaka, lakini nyeusi.

Na mzee wangu, kama yu hai, kila Jumapili anakaa mlangoni na shati lililogeuzwa, hana wa kumwambia.

Kabla yako walikuja wawili. Wa kwanza alinikumbusha binti yangu, nikakificha kikapu chini ya kitanda. Alipumzika siku zake tatu, gari likaja, ukungu ukampisha. Alinipungia mkono. Wa pili nikamfichia vilevile. Nilisimama hapo mlangoni, nikasikia gari lake likishuka mpaka sauti ikaisha, nikajua kwamba huruma yangu inakula maisha ya kipofu.

Leo sikukificha.

Nakuambia ukweli wote, maana Kimya hakunionya hata kwa neno, na mimi si mwizi. Kitanzi nimekidondosha kwa mkono wangu, leo mchana, safu saba. Lakini usiguse nilisema. Nilisema kabla hujakaa, na nilisema kwa lugha ya mama yako. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ila kamba hii nilikuonyesha.

Sasa tazama mikono yako.

Tangu niliposimulia ngazi ya tisa kikapu kimo mapajani mwako. Hukujua. Najua hukujua, hata mimi sikujua. Kitanzi umekiokota vizuri, kuliko nilivyokiokota mimi. Na safu ndiyo hiyo, umefika mwisho wake.

Unaisikia harufu?

Nyamaza. Ukilia mikono inatetemeka, na vitanzi visivyo sawa yule wa chini havipendi. Usikaze uzi sana. Uzi mwingine uko kwenye kabati la jikoni, hauishi. Jioni akivuta, mwache avute. Mgeni mwingine akija, kama una moyo mfichie kikapu. Ukikuishia moyo, mkalishe hapo umsimulie.

Viatu vyangu viko wapi... hivi hapa. Vimekuwa vikubwa, au miguu imekwisha.

Leo ni siku gani huko ulikotoka? Ijumaa. Basi nikitembea bila kupumzika, Jumapili naiwahi. Ni Jumapili ipi, nitaijua nikifika.

Maji yako yamechemka. Hapana, usiinuke, amekushika. Mlango naufunga mwenyewe, baridi isikuingilie.