Bwawa Lisilotakiwa Kukaa na Maji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidoti alichota maji kwenye kisima cha bibi yake. Kisima hicho kilichimbwa na marehemu babu, na Bibi hakutaka hata tone lake lipotee. Ukisuuza kikombe, maji hayo umwagie miche!

Idara ya maji ilipochimba bwawa nyuma ya nyumba, Bibi alifurahi. Lakini lo! Mvua ilijaza bwawa, na baada ya siku chache likabaki tope tupu.

"Wametuchimbia pakacha hawa!" Bibi alifoka. "Maji yote yanapotelea ardhini. Twende tukazibe, mjukuu wangu."

Wakatandaza udongo wa mfinyanzi, wakaukanyaga kwa miguu. "Kanyaga kwa nguvu! Au leo umekula hewa?" Bibi alimtania. Mvua iliyofuata, bwawa lilijaa likatulia. Majirani wakampongeza.

Kiangazi kilipofika, jua lilikausha bwawa lote. Kisima nacho kikaanza kutoa mchanga. Maskini Bibi, hakuwa na nguvu za kufuata maji mbali, kwa hiyo mjomba akaja kumchukua akaishi kwake.

"Kisima kikirudisha maji, mniite," Bibi alisema, akilia.

Mama na Kidoti walikwenda idara ya maji. Mhandisi alikuja, akauona ule udongo, akashusha pumzi.

"Bwawa hili limechimbwa ili maji yazame," alisema. "Yanapenya mchangani, yanajichuja, kisha yanalisha visima. Kosa ni letu pia. Tulichimba tukaondoka bila kuwaeleza."

Majirani waliukwangua udongo wote. Mvua zikanyesha, maji yakazama. Lakini Bibi alifariki kwa mjomba kabla mvua hazijaisha.

Asubuhi moja ndoo ya Kidoti ilipiga maji kisimani. Akaketi chini, akalia kwa kwikwi.

"Mama, mimi ndiye niliyekanyaga udongo ule."

Mama akamkumbatia. "Mlikanyaga wawili, tena kwa nia njema. Bibi yako alichukia kuona maji yakipotea, kumbe aliyazibia njia ya kuja kwake. Hatukuuliza, mwanangu. Kuuliza si ujinga. Kitu usichojua kazi yake, uliza kabla hujakigusa. Maji yale hayakuwa yakipotea, ardhi ilikuwa ikituwekea."

Kidoti alifuta machozi. Akakisuuza kikombe cha Bibi, na maji yake akayamwagia miche.